Vijifuko vya Utumbo Mpana: Namna ya Kujitunza

Mtu mzima aliyepimwa tumbo hospitalini pengine huambiwa kwamba utumbo wake mpana umefanya vijifuko. Wengi hushikwa na hofu wasikiapo hayo, wakadhani kwamba hawana budi kupasuliwa. Sivyo. Walio wengi wenye vijifuko hivi hawaoni maumivu yo yote maisha yao yote.

Utumbo mpana ndio unaonyonya maji katika mabaki ya chakula na kusukuma choo nje. Ukuta wake una mahali palipo dhaifu, pale mishipa ya damu ipenyapo. Utumbo ukijikaza kwa nguvu, ngozi ya ndani husukumwa mahali hapo, ikafanya kijifuko kidogo, yapata punje ya kunde.

Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji nchini Uganda kwa miaka mingi, aliona kwamba ugonjwa huu ulikuwa haba sana kwa Waafrika waliokula nafaka na mboga kwa wingi. Mwaka 1971 yeye na Daktari Neil Painter waliandika kwamba chanzo chake ni upungufu wa makapi katika chakula. Siku hizi madaktari huongeza kwamba uzee, urithi, unene na sigara navyo vina sehemu yake.

Vijifuko vikiisha kutokea haviondoki, lakini mtu aweza kuishi navyo salama. Yafaa ale ugali wa unga usiokobolewa, wimbi, maharagwe, mboga za majani na matunda. Makapi yaongezwe kidogo kidogo, tumbo lisije likajaa hewa. Anywe maji ya kutosha, atembee kila siku, na aache sigara. Zamani wagonjwa walikatazwa mahindi na njugu, kwa hofu kwamba punje zitakwama katika vijifuko. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2008, juu ya wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 18, haukuona madhara hayo.

Mara nyingine kijifuko huvimba na kufanya uchungu, hasa upande wa kushoto chini ya kitovu, pamoja na homa. Hapo imempasa mgonjwa kumwona daktari, ambaye huenda akamwamuru kula chakula chepesi kwa siku chache. Asinywe haluli, wala tumbo lisikandwe. Dawa kama aspirini asimeze bila shauri la daktari, maana zaweza kuzidisha kutoka damu.

Tumbo likiwa gumu kama ubao, maumivu yakizidi, au damu nyingi ikitoka chooni, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana. Hata damu kidogo yataka kupimwa, kwa kuwa saratani ya utumbo nayo huonyesha dalili hiyo. Wazee wengi huficha jambo hili kwa kuona haya. Haya hiyo haina faida; maradhi yakitambuliwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi.