Ruzuku Iliyolaza Waya wa Pili

Tarehe 10 Disemba 2009, wiki mbili hivi baada ya Idd el-Hajj, umeme ulikatika kisiwani Unguja, na haukurudi hadi Machi 2010. Wala haikuwa mara ya kwanza: mwaka uliotangulia, kuanzia Mei 2008, kisiwa kizima kilikaa gizani kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi, na wengi wao hukumbuka ndoo kuliko kibatari, kwani pampu za maji nazo huendeshwa kwa umeme. Mifereji ilipokauka, kina mama na watoto ndio waliotoka alfajiri kwenda visimani. Mwenye jenereta alinunua mafuta. Asiyekuwa nayo alisubiri.

Sababu ya mashaka yale si ngumu kuifahamu. Unguja haikuzalisha umeme wake yenyewe. Iliupata kutoka Bara kwa waya mmoja, uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980 baina ya Ras Kiromoni na Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Waya ulikuwa umezeeka, mahitaji ya kisiwa yalikuwa yanaukaribia ukomo wake, na njia nyingine haikuwapo.

Linalostaajabisha ni kwamba dawa ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mwezi wa Februari 2008, yaani miezi mitatu kabla ya giza la kwanza, Rais Kikwete na Rais Bush walitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kutoka MCC, shirika la Serikali ya Marekani la Changamoto za Milenia. Fedha hizo hazikuwa mkopo. Zilikuwa ruzuku, na ndani yake mlikuwa na fungu la waya mpya wa baharini wa megawati 100, pamoja na njia zake za nchi kavu. Lakini baina ya saini na umeme pana upembuzi, zabuni, kiwanda na meli. Giza la 2009 lilitukuta mkataba upo na waya haupo. Kazi ilikamilika wakati muda wa mkataba ule ukielekea kwisha, mwaka 2013. Pemba, iliyokuwa ikitegemea majenereta ya dizeli, ilitangulia: iliunganishwa na Tanga kwa waya wake mwaka 2010, kwa msaada mkubwa wa Norway.

Hapana budi kushukuru. Waya wa pili ni tofauti baina ya hitilafu na msiba. Hata hivyo, tusidhani kwamba ruzuku ni haki iliyoandikiwa mtu. Machi 2016 bodi ya MCC ilisimamisha ushirikiano wake na Tanzania, ikitaja uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao, na mkataba wa pili wa dola milioni 472, uliokusudiwa sekta ya umeme, ukapotea. Mtu anaweza kuwa na rai yake juu ya hoja zile. Ninalolitazama mimi ni kuwa nguzo na transfoma za watu wa kawaida zilikuwa zimefungamanishwa na jambo wasilokuwa na uwezo nalo. Mradi mkubwa wa umeme ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, wenye umeme wa jua, betri na njia mpya za kusafirishia, fedha zake kwa sehemu kubwa ni mkopo wa masharti nafuu. Nafuu, lakini hulipwa.

Kuna na jambo jingine ambalo kila aliyewahi kushika daftari la kamati analijua. Mfadhili huchimba kisima, akaweka kibao na kupiga picha. Pampu ikiharibika mwaka wa nne, kibao hakisaidii. Ruzuku hununua kitu kipya na mara chache hulipia mafundi, vipuri na ukaguzi wa kila mwaka. Hayo hutoka katika tukuza tunazonunua sisi, na kwa taasisi zinazolimbikiza madeni ya umeme, hayatoki kabisa.

Tena nyaya mbili za Unguja hunywa kisima kimoja. Tarehe 1 Aprili 2024, tukiwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na giza likatanda sehemu kubwa ya nchi. Wingi wa nyaya baharini haufai kitu ikiwa Bara kwenyewe hakuna cha kupitisha. Ndiyo maana betri na umeme wa jua wa hapa hapa vina maana kuliko wanavyodhani wanaoviona kuwa ni pambo la mazingira.

Waya wa 1980 umekwisha kupita miaka 40. Mwakilishi wa jimbo akifika barazani, aulizwe utabadilishwa mwaka gani, na fungu lake limo katika bajeti ipi.