Profesa Donald Bitzer na Mashine ya Kumfundisha Kila Mwanafunzi Peke Yake

Tarehe 10 Desemba, 2024, alifariki huko Marekani Profesa Donald Bitzer, akiwa na umri wa miaka 90. Jina lake halikuvuma sana nje ya nchi yake. Watu wengi sana, hata hivyo, walipata kutazama zile televisheni pana na bapa za plazma zilizotundikwa ukutani kama picha, nao hawakujua kwamba kioo cha namna ile kilibuniwa kwanza kwa ajili ya wanafunzi darasani. Aliyekibuni pamoja na wenzake wawili ni yeye, kwa sababu ya fikira moja iliyomshika tangu ujana wake, kwamba mashine yaweza kumfundisha kila mwanafunzi peke yake, kwa mwendo wake mwenyewe, na kwa gharama ambayo shule yaweza kuilipa.

Alizaliwa tarehe 1 Januari, 1934, katika mji wa East St. Louis, jimbo la Illinois. Masomo yake yote ya juu aliyapata katika Chuo Kikuu cha Illinois, na katika mwaka wa 1960 akapewa shahada ya udaktari katika uhandisi wa umeme. Chuo hicho kilikuwa na kompyuta yake chenyewe, iliyoitwa ILLIAC, iliyoanza kazi mwaka wa 1952. Ilikuwa na taa za kioo 2,800 hivi, za namna ile iliyokuwa katika redio za zamani, na uzito wake ulikuwa tani tano. Wakati huo wakubwa wa chuo walikuwa wakijiuliza kama mashine ile yaweza kufundisha. Dakta Daniel Alpert, mkuu wa maabara alimofanya kazi Bitzer, aliwakusanya wahandisi, wanahisabati, na wataalamu wa elimu na wa saikolojia walifikirie jambo hilo. Wakazungumza kwa majuma mengi wasipatane. Alpert alikuwa karibu kuandika kwamba jambo haliwezekani, ndipo akamtajia kijana Bitzer habari hizo, naye Bitzer akajibu kwamba yeye yu tayari kutengeneza mfano. Ni desturi ya kamati, hata katika nchi zilizoendelea, kushindwa na kazi ambayo mtu mmoja huianza kwa kuvingirisha mikono ya shati.

Mfano huo ulikuwa tayari mwaka ule ule wa 1960, ukaitwa PLATO. Ulimhudumia mwanafunzi mmoja tu. Mbele yake palikuwa na kioo cha televisheni, na chini yake vitufe vichache. Somo lilionekana katika kioo, kisha swali. Mwanafunzi aliandika jibu lake, na mashine ikamwambia papo hapo kama ni sawa au si sawa. Akikosea hakuruhusiwa kulipita swali hilo. Alibonyeza kitufe cha kuomba msaada, naye akapelekwa kwenye maelezo marahisi zaidi na maswali madogo madogo ya kumwongoza. Palikuwa na kitufe kingine kilichoandikwa AHA, mwanafunzi akibonyeze pale anapotambua ghafula njia ya kulijibu swali, ili arudi moja kwa moja kwenye somo lenyewe bila kungojea maelezo yaishe. Kila mwalimu aliyepata kusimama mbele ya watoto arobaini atakielewa kitufe hicho. Huyu amekwisha fahamu naye anachoka, yule bado hajafahamu naye anaona haya kuuliza, na kengele inakaribia kulia.

Mwaka wa 1961 mashine iliweza kufundisha wanafunzi wawili pamoja, na kabla ya mwisho wa miaka kumi ile wakafika ishirini. Miongoni mwa waliofundishwa mapema walikuwamo wauguzi. Mkewe Bitzer, Bibi Maryann Bitzer, alikuwa muuguzi kwa kazi yake, naye aliandika masomo kwa ajili ya wasichana wa shule ya uuguzi ya Hospitali ya Mercy katika mji wa Urbana. Somo moja lilihusu mgonjwa wa moyo. Msichana hakupewa maelezo ya kukariri. Ilimpasa aiulize mashine habari za mgonjwa, achague la kumtendea, kisha atazame matokeo yake. Akichagua vibaya, hakuna mtu aliyedhurika. Faida ya mafunzo ya namna hiyo haihitaji kuelezwa kwa wale waliopata kulazwa hospitalini.

Lakini gharama ilikuwa kubwa mno. Picha katika kioo cha televisheni ya zamani hufifia mara moja, na ni lazima ichorwe tena na tena mara nyingi kwa kila sekunde. Ili kufanya hivyo, kila mwanafunzi alihitaji sehemu yake ya kumbukumbu ya mashine, na kumbukumbu katika siku zile iliuzwa kwa bei ya kutisha. Bitzer aliona kwamba akiendelea hivyo hatapita wanafunzi wachache. Basi katika mwaka wa 1964, yeye na Profesa Gene Slottow na mwanafunzi wao Robert Willson, walitengeneza kioo cha namna nyingine kabisa. Walichukua vipande vya kioo, wakatia gesi katikati, na nyuzi nyembamba za umeme zikapita upande huu na upande huu, kama uzi wa mtande na uzi wa mshindio katika nguo. Mahali nyuzi mbili zinapopishana, gesi huwaka nukta moja, nayo hubaki ikiwaka mpaka iamriwe kuzimika. Yaani kioo chenyewe ndicho kiliikumbuka picha. Walianza kwa nukta moja. Kilipokamilika kilikuwa na nukta 512 kwa 512, zenye mwanga wa rangi ya chungwa, ambao wanafunzi wa wakati ule waliukumbuka maisha yao yote.

Kioo hicho ndicho kilichofungua njia ya PLATO ya nne, iliyoanza mwaka wa 1972. Sasa kompyuta moja kubwa iliweza kuwahudumia wanafunzi mamia kwa mamia kwa waya za simu, wengine chuoni, wengine katika shule za mbali. Mtoto asiyejua kupiga taipu aliweza kujibu kwa kugusa kioo kwa kidole, kwa maana kioo kiligawanywa katika miraba 256, na mashine iliweza kutambua ni mraba upi ulioguswa.

Mashine bila masomo ni kabati tupu. Jambo hilo wahandisi wengi hulisahau, lakini Bitzer hakulisahau. Mwaka wa 1967 Paul Tenczar, mwanafunzi wa elimu ya wanyama, alitunga lugha ya kuandikia masomo iitwayo TUTOR, ili mwalimu wa kemia au wa Kilatini aweze kuandika somo lake mwenyewe pasipo kuwa fundi wa kompyuta. Ndipo masomo yakazaliwa kwa wingi. Katika somo moja la hesabu, watoto wawili walishindana, mmoja akiwa na gari la farasi na wa pili akiwa na gari moshi, katika njia yenye namba mpaka 70. Mashine ilimpa kila mmoja namba tatu, naye alitakiwa kuziunganisha kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya apendavyo, ili apate hatua za kwenda. Kupata namba kubwa kuliko zote hakukuwa daima njia bora, maana palikuwa na njia za mkato. Mtoto aliyechukia kuandikiwa hesabu ubaoni alijipa mwenyewe hesabu nane au kumi kabla ya kukata shauri.

Bitzer aliacha milango wazi. Hata vijana wa shule ya sekondari ya jirani waliingia maabarani jioni na kujaribu wapendavyo, na mkuu mwingine angaliwafukuza kwa kuchezea mali ya serikali. Katika mwaka wa 1973 kijana David Woolley, mwenye umri wa miaka 17, alitengeneza mahali ndani ya PLATO ambapo watu waliweza kuandikiana maswali na majibu mbele ya wote. Mwaka huo huo watu waliokaa mbalimbali wakaanza kuzungumza kwa maandishi papo kwa papo. Mambo hayo yalikuwa kawaida ya dunia nzima baadaye. Wakati ule hayakuwamo hata katika mpango wa mashine yenyewe.

Je, wanafunzi walijifunza zaidi? Serikali ya Marekani, iliyotoa fedha nyingi, ilitaka kujua, nayo kampuni maarufu ya mitihani, Educational Testing Service, ikapewa kazi ya kupima. Taarifa zake zilitoka mwaka wa 1977 na 1978. Katika vyuo vidogo vya Illinois, wanafunzi na walimu waliipenda mashine, lakini kwa jumla wanafunzi hawakufaulu zaidi ya wenzao wala hawakushindwa zaidi. Katika shule za msingi watoto walipata faida ya wazi katika hesabu. Katika kusoma, faida haikuonekana. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, ingawa iliwauma waliotoa ahadi kubwa mno mwanzoni.

Hata hivyo Bwana William Norris, mkuu wa kampuni ya Control Data, aliiamini PLATO kuliko wengi waliokuwa chuoni. Kampuni yake iliinunua haki ya kuiuza katika miaka ya 1970, ikaipeleka nchi nyingi. Katika Afrika, ilitumika sana Afrika ya Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1980, hasa katika Chuo Kikuu cha Western Cape, ambacho utawala wa ubaguzi ulikuwa umekianzisha kwa ajili ya watu walioitwa wa rangi. Lakini kampuni ilitoza kwa saa moja kiasi cha dola 50, fedha ambayo ingaliweza kumlipa mwalimu mzuri, na kompyuta ndogo za mezani zilipotokea, wanunuzi wakaenda zao. Ile shabaha ya bei ndogo, ambayo Bitzer aliikimbilia tangu 1960, ilipotea njiani.

Yeye mwenyewe aliondoka Illinois mwaka wa 1989, akaenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina. Mwaka wa 2002 alipewa pamoja na wenzake tuzo ya Emmy ya ufundi wa televisheni kwa ajili ya kile kioo. Mtambo uliorithi masomo ya PLATO, uitwao NovaNET, ulizimwa mwaka wa 2015. Lakini wapenzi wake walikuwa wamekwisha iwasha upya PLATO ya zamani katika kompyuta za kisasa tangu mwaka wa 2004, pamoja na maelfu ya masomo yake, yakiwa bado na ile rangi ya chungwa.