Ugoko ukivunjika ndani ya goti, goti bandia ni la nani?

Kilolo ni wilaya ya miteremko. Barabara kuu iendayo Mbeya inaipanda kwa kona za Mlima Kitonga, na njia za vijijini hugeuka utelezi mtupu mvua zikianza. Bodaboda inaanguka, gogo linamwangukia mkata miti, bibi mwenye mzigo wa kuni anakosea hatua. Katika ajali kama hizi ugoko unaweza kuvunjika popote, lakini pabaya zaidi ni juu kabisa, ndani ya goti.

Hapo mfupa hutanuka na kuwa bapa kama kigoda, na mfupa wa paja hukaa juu yake. Pigo kubwa likiusukuma mfupa wa paja chini, uso wa kigoda hicho hupasuka au hudidimia, mara nyingi upande wa nje. Mwaka 1979 Joseph Schatzker, daktari wa mifupa wa Toronto, aliyagawa majeraha haya katika aina 6, kuanzia ufa mdogo hadi uso wote kutengana na mfupa ulio chini yake. Mgawanyo huo unatumika hadi leo.

Kwa nini basi goti lililopondeka lisibadilishwe moja kwa moja? Kwa kijana wa bodaboda, kwa kawaida halibadilishwi. Mfupa wake ni mgumu na unashika skrubu vizuri. Daktari huinua sehemu iliyodidimia, hujaza pengo kwa mfupa, mara nyingi uliochotwa kwenye nyonga yake mwenyewe, kisha hufunga vyuma. Goti bandia huchakaa. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kuwa asilimia 82 ya magoti bandia hudumu miaka 25. Mwenye miaka 28 huenda angelazimika kurudi chumba cha upasuaji, na upasuaji wa pili huwa mzito kuliko wa kwanza.

Kwa mzee hesabu hubadilika. Mifupa yake imekuwa dhaifu, skrubu zinachomoka, na huenda goti lilishasagika kwa miaka ya kupanda milima na mizigo. Akilazwa miezi mitatu asikanyage, vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda vinaweza kumuua kabla mfupa haujaunga. Goti bandia lenye mashina marefu yanayoingia ndani ya mifupa linaweza kumsimamisha ndani ya siku chache. Ni upasuaji mkubwa, wa daktari bingwa na vifaa maalumu. Hapa nchini magoti bandia huwekwa, kwa mfano, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Wapo pia ambao mfupa umeunga lakini miaka baadaye goti linawatesa. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuatilia waliofanyiwa upasuaji wa kuunga sehemu hii. Baada ya miaka 10, asilimia 7.3 walikuwa wamewekewa goti bandia, dhidi ya asilimia 1.8 ya watu wasiovunjika. Kwa hiyo wengi hawalihitaji, mradi mguu umeunga ukiwa umenyooka.

Na kunyooka huko huamuliwa mapema. Naumia nikisikia mtu amefungwa vijiti na kukandwa nyumbani siku kadhaa kabla ya kupigwa picha ya eksirei. Mshipa mkubwa wa damu unapita nyuma ya goti, na uvimbe unaweza kuminya misuli hadi ife. Maumivu yasiyotulizwa na dawa, ganzi, mguu wa baridi, kushindwa kunyoosha vidole: mgonjwa huyo ana saa chache tu. Mfungieni mguu kwenye ubao bila kuukaza, msimkande, mwahisheni hospitali.

Familia inayofikiria goti bandia imuulize daktari kuhusu choo. Goti hilo hukunja vya kutosha kukaa kitini na kupanda ngazi, lakini mara nyingi halifiki kuchuchumaa kabisa, kwa hiyo choo cha shimo kitahitaji kiti. Tunzeni pia picha za eksirei na karatasi za upasuaji wa kwanza, zenye aina ya vyuma vilivyowekwa na maelezo kama kidonda kiliwahi kutunga usaha. Atakayebadilisha goti mara nyingi atapaswa kuvitoa vyuma hivyo kwanza, na usaha wa zamani unaweza kuahirisha upasuaji hadi vipimo vithibitishe kuwa umekwisha.