Kopo la Jirani na Kopo la Ng'ambo

Je, mama ambaye mwenyewe anapima unga kwa kikombe anaweza kumsaidia mama mwenzake wa nchi nyingine? Swali hili lilitusumbua sisi akina mama wa kikundi cha kanisa hapa Bariadi mwezi Machi 2023. Tungependa kuwashirikisha akina mama wenzetu jinsi tulivyolijibu, pamoja na makosa tuliyoyafanya.

Wenyeji wa Simiyu wanaujua mwezi wa Machi. Chakula cha mwaka uliopita kimekwisha, mahindi mapya hayajakauka, na pamba bado iko shambani, wala fedha yake haijaonekana. Mwaka ule mambo yalikuwa magumu zaidi. Mvua za mwisho wa 2022 zilikuwa haba na bei ya mahindi ilipanda, hata wengi wetu tuliozoea kununua kwa debe tukaanza kununua kwa kilo.

Wakati huohuo tukasikia redioni habari za Malawi.

Yaliyowapata wenzetu

Kimbunga kilichoitwa Freddy kilianzia karibu na Australia mapema Februari 2023, kikaivuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagaska na Msumbiji, kisha kikarudi tena kuzipiga. Katikati ya Machi mvua yake ikaifikia Malawi kusini. Katika mji wa Blantyre udongo na mawe viliporomoka kutoka milimani vikafunika nyumba, watu wengine wakiwa wamelala. Serikali ya Malawi ilihesabu watu 679 waliofariki, na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Waliopoteza makazi walizidi 650,000.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tulishtushwa na jambo jingine. Malawi ilikuwa tayari na kipindupindu tangu Machi 2022, ugonjwa ambao mpaka ulipotulia uliua watu zaidi ya 1,700. Mafuriko yanapobomoa vyoo na kuchafua visima, kipindupindu hupata nguvu mpya, na mtoto mdogo anayeharisha na kutapika anaweza kuishiwa maji mwilini katika muda wa saa chache tu.

Serikali yetu ilipeleka unga wa mahindi, mablanketi, mahema na helikopta za jeshi. Je, na sisi akina mama?

Ubishi kikundini

Wazo lilipotolewa, mama mmoja alisimama akasema kwa uchungu, "Mnataka kupeleka fedha Malawi, na mjane wa nyumba ya tatu kutoka hapa ameshinda na uji wa jana?"

Tulinyamaza, maana alisema kweli. Mjane huyo tulimjua sote.

Ndipo bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, akasema, "Wanangu, mimi nilikula unga wa yanga." Wenye umri wanayakumbuka yale mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo miaka ya njaa ya 1974 na 1975, ambayo watu waliyapa jina la timu ya Yanga kwa sababu ya rangi yake. "Tuliunung'unikia ule ugali," bibi akaendelea, "lakini watoto wangu walipona. Aliyeyalima simjui mpaka leo, naye hakunijua."

Hatukumshinda mama wa kwanza, wala bibi hakushindwa. Tuliamua kuwa na makopo mawili, moja la jirani na moja la ng'ambo. Kila mama angetia alichonacho katika lolote au yote mawili, bila kutangaza kiasi. Tulikuwa akina mama 23, na tulijiwekea majuma matano.

Ziada hutengwa

Mama yeyote akiulizwa kama ana fedha ya ziada, atajibu kwamba hana. Nasi tulijibu hivyo. Lakini Mtume Paulo, alipokusanya msaada kwa ajili ya waamini wa Yerusalemu, hakuwaambia Wakorintho wangoje kitakachobaki. Aliwaagiza kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, kadiri alivyofanikiwa (1 Wakorintho 16:2). Fedha inayongojewa ibaki, haibaki kamwe.

Basi tulianza kutenga. Mmoja aliacha soda ya siku ya gulio. Mwingine alipunguza vocha ya simu. Wapo waliotenga konzi moja ya unga kila walipopika ugali wa jioni, na mwisho wa juma wakaupima na kuuza. Wengine walileta michembe, tukaiuza sokoni.

Usidharau kidogo. Kwa maji ya kumnywesha mtoto anayeharisha, tunafundisha kliniki kuchanganya lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, pale ambapo pakiti za dawa hazipatikani. Kilo 1 ya sukari hutosha lita zaidi ya 30. Pima mwenyewe ni watoto wangapi hao.

Makosa yaliyotufundisha

La kwanza lilitokea nyumbani kwa mmoja wetu. Alichukua shilingi 5,000 za mchango wa shule ya mtoto akazitia koponi bila kumweleza baba watoto. Mtoto aliporudishwa nyumbani, siri ikafichuka na ugomvi ukawa mkubwa. Tulipoambiwa, tulizitoa zile fedha tukamrudishia mama mwenzetu. Sadaka inayomwondoa mtoto darasani au kuvunja amani ya ndoa si sadaka njema. Zungumza na mumeo kwanza. Akikataa leo, zungumza naye tena kwa upole siku nyingine.

La pili lilitaka kutuponza sote. Mtu tusiyemfahamu alituma ujumbe wa simu, eti yeye hukusanya misaada ya Malawi, na fedha tutume kwenye namba yake. Baadhi yetu tulikuwa tayari kutuma! Hata Paulo aliwaambia Wakorintho wachague wenyewe watu wa kuaminika wa kuibeba michango yao. Tulipeleka fedha zetu kwa mchungaji mbele ya mashahidi wawili, tukapewa stakabadhi, nazo zikaunganishwa na za sharika nyingine na kupitia ofisi za kanisa mpaka kwa kanisa wenza la Malawi. Kuunganisha kuna faida nyingine pia. Ripoti za Benki ya Dunia zimeonyesha kwa miaka kadhaa kwamba kutuma fedha kutoka Tanzania kwenda nchi jirani ni ghali mno, na fedha ndogo inayotumwa peke yake huliwa na ada njiani.

La tatu, tulikuwa tumekusanya nguo kuukuu. Tukashauriwa tuziuze hapahapa. Nguo huhitaji gari na ghala, na pengine hufika wakati hazihitajiki. Fedha hununua kilicho karibu na mgonjwa, siku hiyohiyo.

Tulichokipata

Majuma matano yalipoisha, kopo la jirani lilikuwa na shilingi 31,000 na la ng'ambo 46,500. Kwa bei ya wakati ule, hizo za ng'ambo zisingenunua hata gunia moja la mahindi. Hatukuona aibu. Wakristo wa Makedonia nao walitoa wakiwa katika umaskini mkubwa, na Paulo akawasifu.

Yule mjane alinunuliwa unga na maharage. Jumapili iliyofuata alikuja na shilingi 200 mkononi, akauliza lile kopo jingine liko wapi. Mama aliyepinga siku ya kwanza ndiye aliyelishika kopo akamsogezea.

Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika Katesh na vijiji vyake, huko Manyara. Watanzania wenzetu zaidi ya 80 walikufa. Safari hii waliolia walikuwa wa kwetu, na waliosikia habari redioni walikuwa wengine. Tukakumbuka maneno ya Paulo kwa Wakorintho, kwamba wingi wa hawa usaidie upungufu wa wale, ili siku nyingine wingi wa wale usaidie upungufu wa hawa (2 Wakorintho 8:14). Hakuna nchi iliyoandikiwa kutoa siku zote, wala kupokea siku zote.

Mama mpendwa, makopo yetu mawili bado yapo, na majuma mengine yanakaa matupu. Jaribuni na ninyi katika kikundi chenu. Anza na konzi moja ya unga jioni ya leo, na unapoitenga, mwombee mama usiyemjua, ambaye naye amesimama mbele ya sufuria akiwaza watoto watakula nini. Bwana awabariki.