Simba wa Tsavo Walivyotoka Kitabuni

Ukitoka Voi kuelekea Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 50 unakufikisha kwenye daraja la Mto Tsavo. Hapo, kati ya Machi na Desemba 1898, simba dume wawili waliwala vibarua waliokuwa wakijenga reli, hadi mhandisi John Henry Patterson alipomuua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29. Wakazi wa Taita Taveta wamekua wakikisikia kisa hiki. Ulimwengu ulikipata kwanza kwa maandishi, kisha kwa sinema, na ukizifuata njia hizo unaona jinsi karne ya 20 ilivyomtoa mtu kwenye ukurasa ikamketisha mbele ya kiwambo.

Kitabu cha Patterson, The Man-Eaters of Tsavo, kilichapishwa London mwaka wa 1907. Kurasa zake bora ni za gizani. Usiku ule wa tarehe 9 Patterson ameketi peke yake juu ya dungu la miti, chini yake mzoga wa punda, na simba anamzunguka kwa saa mbili hivi. Macho hayamsaidii, anategemea masikio. Maandishi hayana simba wa kumwonyesha msomaji. Yanampa sauti tu, na giza analijaza mwenyewe kwa hofu zake. Nimekisoma mara kadhaa, na bado naona hakuna filamu ya Tsavo iliyoifikia hofu ya ukurasa ule.

Hata hivyo, karatasi nayo ina upofu wake. Kitabu kinawataja Wahindi 28 waliouawa, kisha kinasema Waafrika walioliwa walikuwa wengi ila hakuna rekodi rasmi iliyowekwa. Watu wa nchi hii wakaingia katika kisa chao wenyewe bila jina wala hesabu.

Mwaka wa 1952 ikatoka Bwana Devil. Aliyeiongoza, Arch Oboler, alikuwa amejipatia sifa redioni kwa vipindi vya kutisha, yaani alijua vizuri kumtia mtu hofu bila kumwonyesha chochote. Lakini nchini Marekani televisheni ilikuwa imeanza kuwabakiza watazamaji nyumbani, na kumbi za sinema zilihitaji kitu ambacho sebule haikuwa nacho. Filamu hii ikawa ya kwanza ndefu ya Kiingereza, yenye rangi, kutumia mfumo wa pande tatu. Projekta mbili zilirusha picha mbili zilizotofautiana kidogo, miwani maalumu ikalipa kila jicho picha yake, na ubongo ukaziunganisha hata simba akaonekana kumrukia mtazamaji kitini. Tsavo yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilikuwa California. Wahakiki waliiponda, na watu wakapanga foleni.

Katika onyesho la kwanza, mpiga picha J. R. Eyerman wa jarida la Life aliigeuzia filamu mgongo akaipiga picha hadhira: safu kwa safu za watu waliovaa miwani ileile, nyuso zimeelekea upande mmoja. Picha za usiku huo zikawa maarufu kuliko filamu. Mojawapo iliwekwa kwenye jalada la tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Mfaransa Guy Debord cha mwaka 1967, kinachodai kwamba jamii ya sasa inaishi kwa kutazama badala ya kutenda. Simba wa kwetu, bila sisi kujua, wakawa sehemu ya mjadala huo.

Mwaka wa 1996 ikaja The Ghost and the Darkness, iliyoongozwa na Stephen Hopkins na kupigwa Afrika Kusini. Simba wake wana manyoya tele shingoni. Wale wa 1898 hawakuwa nayo, kama ilivyo kwa madume wengi wa Tsavo hadi leo, jambo ambalo watafiti hulihusisha na joto. Na si siri iliyofichwa: kitabu cha 1907 kina picha za simba hao waliouawa, na ngozi zao, zilizokuwa mazulia ya Patterson kwa miaka mingi, ziliuzwa mwaka 1924 kwa dola 5,000 kwa Makumbusho ya Field, Chicago, ambako wanaonekana hadi sasa. Filamu ilikuwa na ushahidi wa picha mkononi ikauacha. Ilichofuata ni picha nyingine, ile ambayo mtazamaji tayari anayo kichwani tangu nembo ya MGM hadi katuni ya The Lion King ya 1994. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba picha imelishinda neno. Hapa picha zilizozoeleka zaidi ziliishinda picha ya kweli.

Linganisha na Out of Africa ya Sydney Pollack, ya 1985, iliyopata tuzo saba za Oscar. Denys Finch Hatton, rubani wa kweli anayeigizwa katika filamu hiyo, alifia Voi tarehe 14 Mei 1931, ndege yake aina ya Gipsy Moth ilipoanguka mara tu baada ya kupaa. Pollack anatuonyesha ndege hiyo ikielea juu ya nchi kwa dakika zisizosahaulika, lakini kuanguka kwake hakuonyeshi. Habari inafika kwa maneno, mlangoni, kwa mwanamke aliyekuwa akimngoja. Kiwambo kikubwa kinafanya kazi ya ukurasa: kinanyamaza, na mtazamaji anaijaza Voi mwenyewe. Ni uamuzi wa mwongozaji, na ni uamuzi ambao Oboler, pamoja na ujuzi wake wote wa redio, hakuuchukua.

Mazishi tunayoonyeshwa katika vilima vya Ngong ni ya mtu mmoja. Walioanguka Voi walikuwa wawili. Wa pili ni Kamau, mtumishi wake Mkikuyu, na anayetaka kumjua itambidi akamtafute vitabuni.