Kwa Nini Mdogo Hunyamaza Mbele ya Mkubwa wa Kazi?

Jioni ya tarehe 28 Desemba 1978, ndege aina ya DC-8 ya shirika la United Airlines ilikuwa ikikaribia kutua Portland, Marekani, ikiwa na watu 189. Magurudumu yalipoteremshwa kilisikika kishindo kisicho cha kawaida, na mojawapo ya taa zinazoonyesha kwamba magurudumu yamejifunga barabara haikuwaka. Rubani mkuu akaamua kuzunguka angani ili hitilafu ichunguzwe na abiria watayarishwe. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini walizunguka kwa muda wa saa moja hivi, huku mafuta yakizidi kupungua. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, na ndege ikaanguka katika kitongoji chenye miti, yapata kilometa 11 kutoka kiwanjani. Watu 10 walifariki, mmoja wao akiwa mhandisi wa ndege, yaani yule ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia mafuta.

Msomaji huenda akauliza: je, mhandisi hakuona? Aliona. Mazungumzo ya marubani hunaswa na kinasa sauti, na wachunguzi waliyasikiliza. Mhandisi alimweleza mkuu wake kwamba dakika 15 zaidi zingewaacha na mafuta machache mno. Ambacho hakukisema ni maneno mawili tu: tutue sasa. Wachunguzi walimtia lawamani rubani mkuu kwa kutoyajali ipasavyo mafuta na maonyo ya wenzake. Waliongeza kwamba wasaidizi wake wawili ama hawakutambua ukubwa wa hatari, ama hawakufaulu kumfikishia wasiwasi wao.

Mtu anapozungumza na aliyemzidi cheo hulainisha maneno. Amri hugeuka ombi, ombi hugeuka swali, na mwishowe swali huwa taarifa isiyomtaka mtu afanye lolote. Mwanafunzi aliyeona kwamba alama ya kutoa imesahauliwa ubaoni hasemi, "Mwalimu, umekosea." Husema, "Samahani mwalimu, sijaelewa pale." Hiyo ni adabu, na adabu ina thamani yake. Taabu ni kwamba mkubwa ambaye fikira zake zote zimezama katika jambo moja, kama vile magurudumu, haisikii hatari iliyofunikwa ndani ya adabu. Sisi tumelelewa kwa methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika ndege ile aliyepaswa kusikia alikuwa mkuu mwenyewe.

Jambo hili si la marubani peke yao. Mwaka 1966 daktari wa magonjwa ya akili, Charles Hofling, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa hospitalini nchini Marekani. Mtu aliyejitambulisha kuwa daktari, asiyejulikana na wauguzi, aliwapigia simu na kuwaagiza wampe mgonjwa miligramu 20 za dawa fulani. Chupa ilikuwa na maandishi kwamba kipimo cha juu kabisa ni miligramu 10 kwa siku. Dawa yenyewe ilikuwa ya bandia, isiyoweza kumdhuru mtu. Kati ya wauguzi 22, 21 walikuwa tayari kutii, na ilibidi wazuiwe kabla hawajamfikia mgonjwa.

Ni rahisi kusema kwamba wauguzi wale walikuwa dhaifu. Lakini mwaka 1977 watafiti Rank na Jacobson walilirudia jaribio hilo kwa kubadili mambo machache: dawa ilikuwa ya kawaida ambayo wauguzi waliifahamu, na walipewa nafasi ya kushauriana na wenzao. Safari hii ni 2 tu kati ya 18 waliokuwa tayari kuitoa. Kwa maoni yangu hili ndilo lenye uzito zaidi katika habari yote hii. Ukimya wa mdogo hautoki katika tabia yake peke yake, hutegemea pia anayoyajua, na kama yupo mwenzake wa kumwambia, "Hata mimi naona hivyo."

Mashirika ya ndege yalijifunza. Mwaka 1979 shirika la NASA liliwakutanisha wataalamu huko San Francisco, na tangu 1981 United Airlines ikaanza kuwafunza marubani wakuu kuomba maoni, na wasaidizi kutaja hatari waziwazi pamoja na hatua inayotakiwa. Tarehe 19 Julai 1989, injini ya mkiani ya ndege ya shirika hilo hilo ilipasuka angani na kuharibu mitambo yote ya kuiongozea ndege. Kapteni Al Haynes hakuwa na kitabu chochote cha kumwelekeza. Alikubali shauri la kila aliyekuwamo, hata akampa rubani mwalimu aliyekuwa akisafiri kama abiria kazi ya kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki. Ndege ilianguka Sioux City na watu 112 wakafa, lakini 184 kati ya 296 walipona. Haynes mwenyewe baadaye aliyataja mafunzo yale kuwa miongoni mwa sababu.

Chama cha sayansi cha shule kinaweza kulipima jambo hili kwa chupa moja ya maharagwe yaliyohesabiwa. Katika darasa la kwanza, mwalimu ataje makisio yake kwa sauti, akikusudia kukosea sana, kisha kila mwanafunzi aseme yake mbele ya wenzake. Katika darasa la pili, kila mmoja aandike makisio yake kwenye karatasi kabla mwalimu hajafungua kinywa. Chora grafu ya makisio ya kila darasa, kisha upime ni darasa lipi ambalo wastani wake umeikaribia hesabu ya kweli, na ni lipi ambalo wastani wake umevutwa kuelekea namba ya mwalimu. Baada ya hapo walimu wanaweza kulirudia zoezi hilo katika mkutano wao wenyewe, mwalimu mkuu akiwa wa mwisho kusema.