Muundo sanifu wa data

Muundo sanifu wa data ni utaratibu uliokubaliwa kuhusu namna ya kuandika na kupanga taarifa, ili programu moja ya kompyuta iweze kusoma kilichoandikwa na nyingine. Makubaliano hayo huhusu mambo mawili: umbo la taarifa na maana yake.

Mfano wa njia ya misafara

Haja ya makubaliano kama hayo ilikuwepo kabla ya kompyuta. Katika karne ya 19 misafara ilisafiri kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Vitambaa, hasa merikani, vilitumika kama fedha. Shuka ilikuwa mikono 4, na doti ilikuwa shuka 2. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, takriban kilogramu 16. Kwa vipimo hivyo mfanyabiashara wa pwani na mwenyeji wa Unyamwezi waliweza kupatana bei.

Hata hivyo, mkono wa mtu mrefu haulingani na wa mtu mfupi: jina la kipimo lilikuwa moja, lakini kitambaa kilizidi au kupungua. Shanga nazo zilikubaliwa kwa rangi na aina. Zilizopendwa mahali pamoja zilikataliwa mahali pengine, na msafara uliobeba zisizotakiwa ulipata shida kununua chakula.

Katika kompyuta

Tatizo hilohilo huonekana kwenye tarehe. Nchini Tanzania 05/06/2025 ni tarehe 5 Juni. Nchini Marekani ni tarehe 6 Mei. Ikiwa dawa inaisha muda wake tarehe 6 Mei, na programu ya ghala ikasoma 5 Juni, mgonjwa anaweza kupewa dawa iliyokwisha muda. Kiwango cha kimataifa ISO 8601, kilichotolewa mwaka 1988, huondoa utata huo kwa kutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-05-06. Vivyo hivyo, "saa 2 asubuhi" huandikwa 08:00.

Nchini Tanzania takwimu za vituo vya afya, vikiwemo vya Tabora, hukusanywa kwa mfumo wa DHIS2, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Takwimu hizo hujumlishika kwa sababu vituo hujaza vipengele vilevile kwa maana ileile.

Mipaka yake

Miundo kama CSV, XML na JSON huonyesha mpangilio wa taarifa tu. Faili inaweza kusomeka bila kasoro huku "uzito: 16" ukimaanisha kilogramu kwa mtumaji na ratili kwa mpokeaji. Kwa hiyo vizio, namba za utambulisho na maana ya kila kipengele havina budi kukubaliwa na kuandikwa kabla data haijatumwa.